Virutubisho vya baada ya kunyanyua vyuma: cha kununua Malindi na cha kuacha dukani

Maswali ni yale yale kila mwezi, katika majimu ya Malindi na hata Lamu. Ninunue unga gani? Kriatini inaharibu figo? Zile amino (vipande vinavyojenga protini) za rangi za kuchanganya na maji zina kazi gani? Mbona nimemaliza kopo zima na bado kesho yake baada ya mazoezi ya miguu nashindwa kushuka ngazi? Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenye pesa za kuhesabu, na anayetaka kujua anunue nini kwanza.

Jibu la haraka ni hili. Kwa mtu mzima mwenye afya, vitu vya kopo vinavyostahili pesa zako ni viwili: unga wa protini, pale chakula chako kinapopungua, na kriatini, unga unaosaidia misuli kutoa nguvu za haraka. Vingine vyote vinasubiri maji, chumvi, wanga na usingizi. Ukianza na kopo kabla ya kujua chakula chako kimepungua kiasi gani, unanunua kwa kubahatisha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mizani ya kujipima uzito. Ya jimu inatosha, mradi utumie hiyo hiyo kila mara.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Kijiko cha chai hakiaminiki kwa unga unaopimwa kwa gramu 3 au 5.
- Kikombe cha mililita 250.
- Daftari. Utaandika uzito wako, ulichokula, saa ulizolala, na maumivu ya misuli kuanzia 0 hadi 10.
- Kopo lenye mfuniko unaobana, lililokauka kabisa.

Na kabla ya yote hayo, fikiria afya yako. Mwone daktari kwanza ikiwa una ugonjwa wa figo au ini, kisukari, presha, una mimba au unanyonyesha, au unatumia dawa kila siku. Aliye chini ya miaka 18 aendelee na chakula. Jambo moja linasahaulika sana huku kwetu Kilifi: watu wengi wamebeba vinasaba vya selimundu (sickle cell) bila kuugua. Mtu huyu anaweza kuanguka akifanya mazoezi makali kwenye joto akiwa na kiu. Kama kwenu kuna mgonjwa wa selimundu, pima damu, na umwambie anayekufundisha.

Hatua

1. Piga hesabu ya protini ya siku. Zidisha uzito wako kwa gramu 1.6. Mtu wa kilo 70 anahitaji takriban gramu 112 kwa siku. Unaweza kufika gramu 2 kwa kilo, hasa ukiwa unapunguza mwili, lakini kupita hapo faida ni ndogo sana. Kama una kitambi kikubwa, tumia uzito unaoulenga badala ya ulio nao leo.

2. Andika ulichokula kwa siku tatu, kisha tafuta pengo. Usibadilishe chochote katika siku hizo. Makadirio haya yatakusaidia, yote kwa chakula kilichokwisha kupikwa:

- Samaki, gramu 100: protini gramu 22 hadi 26. Jodari na nguru wako juu kidogo.
- Pweza, gramu 100: kama 30.
- Kuku au nyama ya ng'ombe, gramu 100: 25 hadi 30.
- Yai moja: 6.
- Maziwa au mtindi, mililita 250: 8.
- Maharagwe, kikombe kimoja: 15. Pojo: 14. Mbaazi: 11.
- Njugu za kukaanga, gramu 30: 7.
- Chapati moja: 5 au 6. Hamri moja: 2 au 3.

Chukua siku ya kawaida. Asubuhi mahamri matatu na kikombe cha mbaazi za nazi: kama gramu 18. Mchana wali na kipande cha samaki cha gramu 120: kama 36. Usiku chapati mbili na maharagwe: kama 26. Jumla ni 80. Mtu wetu wa kilo 70 amepungukiwa na gramu 32.

Pengo hilo si kubwa. Mayai mawili asubuhi, mtindi nusu lita kwa siku nzima na mkono wa njugu, gramu 35 zimepatikana. Au kipimo kimoja cha unga chenye gramu 24 za protini pamoja na bilauri ya maziwa. Njia zote mbili ni sahihi. Unga unashinda kwa urahisi tu: hauhitaji moto, na unauchukua kwenye mkoba. Misuli haijui protini ilitoka wapi.

3. Linganisha bei kwa gramu ya protini. Ukubwa wa kopo haukuambii kitu. Fanya hivi: idadi ya vipimo katika kopo mara gramu za protini za kila kipimo, halafu gawanya bei kwa jibu hilo.

Tuseme kopo la kilo 2 lina vipimo 66, kila kipimo gramu 24 za protini. Hiyo ni karibu gramu 1,600. Likiuzwa shilingi 8,000, kila gramu inakugharimu shilingi 5. Yai la shilingi 15 lina gramu 6, yaani shilingi 2.50 kwa gramu. Weka bei halisi za siku hiyo, ya duka na ya sokoni, na uamue. Pojo na maharagwe ya kibaba mara nyingi huwa chini kuliko vyote.

Hesabu hii ndiyo inayofichua unga wa kuongeza mwili, yale makopo makubwa kuliko yote kwenye rafu. Sehemu kubwa ya unga huo ni wanga wa maltodekstrini, na protini mara nyingi haifiki theluthi. Wanga huo unaupata kwenye wali, viazi vitamu, ndizi na tende kwa pesa kidogo sana. Mwenye kisukari asiuguse.

4. Soma kopo kabla ya kutoa pesa. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo usione haya kusimama dukani dakika kumi.

Kwanza asilimia. Gawanya gramu za protini kwa gramu za kipimo kizima, zidisha kwa 100. Protini ya wei, yaani ile inayotolewa kwenye maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, huwa na asilimia 70 hadi 80 ikiwa ni ya kawaida. Lebo itaandika "concentrate". Iliyochujwa zaidi huandikwa "isolate", na hukaribia 90. Kopo linaloitwa la protini na hesabu yake haifiki 60, rudisha kwenye rafu.

Pili, orodha ya viungo. Vimepangwa kwa uzito, kizito kwanza. Ukiona amino kama glisini au taurini imeongezwa pembeni ndani ya unga wa protini, kuwa macho. Maabara hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na amino hizo za bei rahisi huhesabiwa kana kwamba ni protini kamili. Ukiona maneno "proprietary blend", mtengenezaji amekuficha kiasi cha kila kiungo. Usinunue.

Tatu, uhalali wa bidhaa yenyewe. Karatasi ya muhuri chini ya mfuniko iwe nzima. Namba ya bechi na tarehe ya kuisha ziwe zimechapwa, zisiwe zimebandikwa juu ya nyingine. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na uihakiki: KEBS ina huduma ya ujumbe mfupi kupitia 20023. Omba risiti. Alama za Informed Sport au NSF Certified for Sport zina maana zaidi ya maneno ya tangazo, kwa sababu bidhaa hizo hupimwa kutafuta dawa zilizopigwa marufuku. Kama unashindana, hata mashindano ya kaunti, hili ni la lazima. Kitakachokutwa mwilini mwako ni jukumu lako, na ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, haitakubali kisingizio kwamba hukujua kilichomo kwenye kopo.

Nne, halali. Vidonge laini na kapsuli mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Pasipo alama ya halali, chagua bidhaa ya unga. Kriatini ya dukani hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, haitoki kwa mnyama, kwa hiyo ikiwa unga mtupu swali hilo halipo. Protini ya wei nayo itafutie alama, kwa sababu ya kimeng'enya kinachogandisha maziwa, ambacho huenda kimetoka kwa mnyama.

*Onyo:* usinunue unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa plastiki, hata kama anayekuuzia ni rafiki wa jimu. Hakuna bechi, hakuna tarehe, hujui ulifunguliwa lini wala umechanganywa na nini.

5. Anza na kriatini, gramu 3 hadi 5 kila siku. Tafuta neno "monohydrate" na viungo viwe hicho kimoja tu. Aina za bei kubwa zenye majina marefu hazijaonyesha kuizidi. Kopo la gramu 300 kwa gramu 5 ni siku 60. Kwa gramu 3 ni siku 100.

Unywe wakati wowote, siku za mazoezi na siku za kupumzika. Chagua wakati usioweza kusahau, kwa mfano na chai ya asubuhi. Misuli hujaa baada ya wiki tatu hadi nne. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku, zilizogawanywa mara nne, kwa siku 5 hadi 7, ili ijae haraka. Inafanya kazi, ila tumbo la wengi huchafuka, na mwisho wa mwezi mnakuwa sawa.

Changanya na unywe papo hapo. Ikilala kwenye maji siku nzima na joto hili, huanza kuharibika.

Kuhusu figo: kwa mtu mwenye figo nzima, kiasi hiki hakijaonyesha madhara. Kinachowatia watu hofu ni kipimo cha damu cha kriatinini, kinachotumiwa kuchunguza figo, ambacho kinaweza kupanda kidogo kwa sababu kriatini huvunjika na kuwa kriatinini. Ukienda kupimwa, mwambie daktari unaitumia, asije akadhani ni ugonjwa.

Uzito utapanda kilo moja au mbili katika wiki za mwanzo. Ni maji ndani ya misuli, usishtuke.

6. Gawanya protini yako mara tatu au nne. Gramu 25 hadi 35 kila mlo, kwa mwachano wa saa tatu hadi tano. Unaweza kula ndani ya saa mbili baada ya mazoezi, bila kukimbilia chupa ukiwa bado kwenye benchi. Jumla ya siku ndiyo yenye uzito. Bilauri mbili za maziwa au mtindi kabla ya kulala ni mlo mzuri kwa misuli inayojijenga usiku.

Ramadhani, panga hivi: sehemu ya kwanza wakati wa futari, ya pili baada ya tarawehe, ya tatu daku. Kriatini iwekwe kwenye futari au daku. Vyuma vizito viwe baada ya futari, maana ukivibeba mchana huna namna ya kurudisha maji.

7. Rudisha maji na chumvi. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na jimu ina feni moja, hatua hii ina kazi kuliko kopo lolote. Jipime kabla na baada ya mazoezi, nguo zilizolowa umezivua. Kila kilo iliyopungua ni lita moja na robo hadi moja na nusu za kunywa katika saa chache zinazofuata, polepole, pamoja na chakula.

Kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kamulia ndimu. Usizidishe chumvi kwa kukisia. Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi tayari yana chumvi, basi tumia yaliyochujwa au ya chupa.

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho hutoa sodiamu zaidi. Kunywa dafu lako na muhogo wa kuchoma wenye chumvi, utakuwa umefanya kazi yote.

8. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Wiki nne kwa kila kimoja. Ukianza vitatu pamoja na tumbo likachafuka, hutajua umlaumu nani.

Vya kuacha dukani

Amino za matawi, zile BCAA: ni tatu kati ya tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na misuli inahitaji zote tisa. Samaki na unga wa wei tayari vinazo. Glutamini, amino nyingine: kwa mtu mzima wa afya anayekula vizuri, haisaidii misuli. Vitamini C na E za dozi kubwa kila siku: zinaweza kupunguza faida ya mazoezi yenyewe, kwani mwili hutumia ule msukosuko baada ya vyuma kama ishara ya kujijenga. Kula embe na mapera. Vidonge vya kupandisha homoni na vya kuyeyusha mafuta: hapo ndipo dawa za siri hupatikana zaidi.

Mafuta ya samaki hayana ubaya, ila mla dagaa au samaki wa mafuta mara mbili au tatu kwa wiki hayahitaji. Magnesiamu husaidia aliyepungukiwa. Madini ya chuma usiyanywe bila kupima damu.

Unga wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi mara nyingi ni kafeini tu. Baada ya saa tano, karibu nusu yake bado imo mwilini. Ukiunywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku hulali, na usingizi uliopotea hakuna kopo la kuurudisha. Muguka na miraa hufanya hivyo hivyo, na juu yake huua hamu ya kula. Mtu anayetafuna hadi usiku wa manane na kunywa protini asubuhi anajirudisha nyuma mwenyewe.

Kuhifadhi kwenye joto la pwani

Weka kopo mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kiache ndani. Usichovye kijiko chenye maji. Usilitoe na kulirudisha kwenye friji kila siku: kopo baridi likikutana na hewa ya bahari, maji hujikusanya ndani na unga hugandamana.

Ukiwa Lamu na mzigo unakuja kwa basi hadi Mokowe kisha boti, mpange mtu wa kuupokea. Kapsuli za mafuta ya samaki zikikaa gatini juani huchacha. Agiza za miezi miwili tu, usijaze stoo.

Ikiwa mambo hayaendi

*Tumbo linajaa gesi au linaharisha baada ya unga wa wei.* Huenda ni sukari ya maziwa. Jaribu nusu kipimo kwa maji badala ya maziwa. Ikiendelea, hamia aina ya "isolate", au protini ya soya au njegere. Mtindi huvumiliwa na wengi ambao maziwa mabichi huwasumbua.

*Kriatini inasumbua tumbo.* Shuka hadi gramu 3, uinywe pamoja na chakula na maji mengi zaidi.

*Unga umegandamana.* Kriatini iliyoganda lakini haina harufu wala ukungu, iponde utumie. Wei yenye harufu ya uchachu, rangi iliyobadilika au madoa, itupe.

*Wiki nne zimepita na nguvu haziongezeki.* Fungua daftari, ukianzia usingizi: chini ya saa saba kila usiku ni sababu tosha. Halafu wanga. Wengi wanaogopa wali na kuja jimu wakiwa watupu. Halafu mpango wenyewe: kama unafanya kifua kila siku, pumzisha saa 48. Uzito ukishuka bila kukusudia, unakula kidogo mno, protini iwe nyingi kiasi gani.

*Misuli inauma sana.* Maumivu yanayoanza kesho yake na kufika kilele kati ya saa 24 na 72 ni ya kawaida kwa anayeanza au aliyebadili zoezi. Tembea, fanya zoezi jepesi, punguza uzito wiki hiyo. Usizoee kumeza ibuprofeni au diklofenaki kabla ya jimu. Mwili ukiwa umekaukiwa maji, dawa hizo huziumiza figo.

*Misuli imevimba, inauma kupita kawaida, huna nguvu, na mkojo una rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi.* Acha kila kitu, acha vyuma na makopo, uende hospitali siku hiyo hiyo. Misuli inavunjika na kumwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuzima figo. Hutokea zaidi kwa aliyepumzika muda mrefu akarudi kwa kishindo, au aliyefanya marudio mengi mno kwenye joto. Eleza ulichofanya jimu na taja kila kirutubisho ulichokunywa, na kama kopo liko karibu, lichukue uende nalo.